Muziki wa simu kwenye redio ya gari la Japani

Ndugu yangu, kwa kuwa umeeleza kwamba gari lako lilitoka Japani, redio yake haina bluetooth, na kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti ulichonunua hapa Arusha mjini, kinachorusha muziki wa simu kwenda kwenye redio kwa FM, hakisikiki kabisa, nadhani shida yako ni masafa ya FM. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vifaa hivyo kwa kawaida hurusha kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo ukikiweka kwenye 101, redio yako haiwezi kukipata hata ukizungusha kitufe mpaka Moshi. Kiweke kati ya 87.5 na 89.9, mahali ambapo redio inatoa mvumo mtupu usio na kituo, kisha uweke redio kwenye namba hiyohiyo.

Hata hivyo, kabla ya kuhangaika na hayo, tafuta kwanza tundu dogo la duara lililoandikwa AUX. Langu nililigundua baada ya miaka miwili, ndani ya kisanduku kilicho kati ya viti, chini ya risiti za mafuta. Waya wake wa kuunganisha simu na redio ni wa bei ndogo na sauti yake ni safi kuliko ya FM, ingawa simu ikiwa inachajiwa humo humo garini unaweza kusikia mlio unaopanda na kushuka kufuata injini. Chomoa chaji, nao utakoma.