Kupokea mafao ya kukosa kazi huku mtu ana kibarua

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni Mkenya ninayeishi Minneapolis, Marekani. Ghala nililokuwa nikifanyia kazi lilipunguza wafanyakazi, na tangu hapo napokea mafao ya kukosa kazi ya jimbo la Minnesota. Baadaye nilipata kibarua cha siku mbili kwa wiki katika jiko la mkahawa, nalipwa taslimu mkononi. Kila wiki naulizwa kwenye fomu kama nilifanya kazi, nami hujibu hapana. Rafiki zangu wanasema mali ya serikali isiyo ya Kiislamu haina dhambi. Je, fedha hizi ni halali? Na nikizitoa sadaka msikitini, nitakuwa nimejitakasa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu yangu, kuomba mafao hayo hakuna ubaya kwa mtu aliyepoteza kazi bila kosa lake, kwani mfuko wake hujazwa na kodi ya waajiri kwa ajili ya jambo hilohilo. Ujira wa mkahawani nao ni jasho lako, na ni halali yako. Tena sheria ya Minnesota haikukatazi kuvipata vyote viwili: anayefanya kazi chini ya saa 32 kwa wiki, na pato lake likawa dogo kuliko mafao yake ya wiki, hukatwa senti 50 kwa kila dola aliyochuma, kisha hulipwa kinachobaki. Tuseme mafao yako ni dola 400 na mkahawani umechuma dola 160. Ungesema kweli ungelipwa 320, na jumla ungekuwa na 480. Kwa kujibu hapana umepata 560. Hizo dola 80 ndizo zisizo zako. Na ikiwa ipo wiki uliyofanya kazi saa 32 au zaidi, basi mafao yote ya wiki hiyo si yako.

Kilichoharibu jambo, kwa hiyo, ni kule kuficha. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Mtu yule hakukatazwa kuuza chakula kilicholowa. Alilaumiwa kwa kukifunika. Nawe umepewa nafasi ya kukiweka juu kila wiki unapoulizwa.

Ama hoja ya rafiki zako, haisimami. Al-Mughira bin Shu'ba (r.a.), kabla ya kusilimu, aliwafanyia khiyana washirikina aliokuwa nao safarini, akawaua na kuchukua mali yao, kisha akaja Madina kusilimu. Mtume (s.a.w.) alimjibu kwamba Uislamu wake anaukubali, ama ile mali hana haja nayo, kama ilivyopokewa na Bukhari. Wenye mali walikuwa washirikina, na bado mali ya khiyana haikupokewa. Wewe unaishi katika nchi hiyo kwa ahadi, na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida aya ya kwanza: "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba."

Kuhusu sadaka, wanazuoni huielekeza kwa mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani au hafikiki. Hapa mwenyewe anajulikana na ana anwani, kwa hiyo msikiti hauwezi kupokea kwa niaba yake.

Toba yako ianze na fomu ya wiki hii: andika saa ulizofanya na pato lako kabla ya makato, hata kama tajiri wako hajakulipa bado. Kisha piga hesabu ya wiki zilizopita na uirudishe ziada. Kwa kuwa kukiri mbele ya idara kunaweza kuleta adhabu, na pengine kugusa kibali chako cha kuishi huko, muone kwanza mwanasheria, kwa sharti kwamba unamwendea akuonyeshe njia ya kulipa, si njia ya kukwepa. Ukishindwa kulipa kwa mkupuo, omba kulipa kidogo kidogo, na deni hilo liandike katika wasia wako mpaka liishe.

Wallahu aalam.