Anza na lile kopo: maneno kwa mliookoka karibuni

Ndugu yangu uliyeokoka juzi, na wewe ambaye bado unashindana na Mungu, nawasalimu kutoka Busia, upande wa Uganda. Nauza maharagwe na mahindi hapa mpakani. Kwa miaka 11 niliwapimia wateja kwa kopo ambalo kitako chake nilikigonga kwa nyundo mpaka kikabonyea ndani. Ukilitazama, lilikuwa kopo la kilo mbili kama la wenzangu. Ukilijaza, maharagwe ya kiganja kizima hayamo.

Miaka hiyo yote nilikuwa naenda kanisani, na nilikuwa na hoja. Kwa nini wachungaji wananunua magari na waumini wanalala njaa? Kwa nini mtoto wa dada yangu alikufa na malaria wakati tulikesha tukiomba? Maswali hayo sikuyatupa, na wewe usiyatupe. Mengine bado nayauliza nikiwa nimepiga magoti. Lakini nilikuja kugundua jambo: yalikuwa yananijia kwa nguvu siku ambayo mahubiri yamekaribia pesa. Mithali sura ya 11 inaanza na mizani ya udanganyifu. Ikisomwa, mimi natoka nje kumnyamazisha mtoto ambaye halii.

Kila mwisho wa Mei mahujaji kutoka Kenya wanapita hapa kwa miguu kwenda Namugongo, kuadhimisha tarehe 3 Juni. Ndipo mahali ambapo mwaka 1886 vijana wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto kwa ajili ya imani, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mwaka mmoja mzee aliyekuwa akiwapikia wenzake alinunua kwangu makopo 20 ya maharagwe. Jioni akarudi. Nikajiandaa kwa ugomvi, maneno yangu yako tayari mdomoni. Akasema, "Mama, naongeza makopo mawili. Nadhani nilihesabu watu vibaya." Alijilaumu yeye. Nikampimia yale mawili kwa kopo lile lile, nikapokea pesa, akaniombea baraka akaenda.

Mtu angetegemea niseme kwamba usiku huo nilitubu. Sikutubu. Nilikasirika miaka miwili. Niliacha ibada, nikawadharau waliookoka, na wimbo wa sifa ukipigwa kwenye redio ya jirani nilikuwa naingia ndani. Nalieleza hili kwa ajili yako uliye na mume au kaka ambaye moyo wake unazidi kuwa mgumu kadiri unavyomwombea. Huenda ugumu ule ni mtu anayeshikilia mlango kwa mikono miwili kwa sababu amesikia hodi. Usimsukume. Mwombee, umpikie chakula, umwache.

Aliyenisaidia ni bibi mmoja mlokole wa zamani. Kwa wageni: Balokole, maana yake waliookoka, ni watu wa uamsho ulioenea kutoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930. Kabla yake, mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikuwa wamekutana Namirembe, kule Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Watu hao walijulikana kwa kuungama waziwazi na kurudisha walichoiba. Wanaita kutembea nuruni. Bibi hakunijibu hoja hata moja. Alinisikiliza, akamenya viazi vyake, halafu akauliza, "Huko sokoni, ni nani hutaki akutazame machoni?"

Nililia kama niliyefiwa. Kwa mara ya kwanza niliomba bila maneno ya kanisani, kwa Kiswahili changu cha sokoni: Yesu, mimi ni mwizi, na nimechoka. Siwezi kueleza vizuri kilichofuata. Najua tu kwamba miaka yote nilikuwa namzungumzia Mungu, na usiku ule nilizungumza naye, akawepo.

Asubuhi nilikigonga kitako kikarudi. Faida ikashuka tangu siku ile ile, na ada ya shule ikanitesa muhula mzima. Usidanganywe na anayekuambia ukiokoka biashara inapaa. Halafu nikawaendea akina mama wa rejareja niliowapunja, mmoja baada ya mwingine. Zakayo aliahidi kulipa mara nne. Mimi sikuwa na uwezo huo. Nilikubaliana na kila mmoja, nikalipa kidogo kidogo kwa maharagwe, ikachukua karibu mwaka. Wale mahujaji sikuwapata tena.

Ndiyo maana nakuambia: anza na kopo lako. Wewe unalijua, hata kama ni simu unayoificha, au shamba la yatima ulilolilima kama lako. Usianze na ratiba ya kufunga siku 40.

Soma Injili ya Marko kwanza, ni fupi, isome kwa lugha unayoota nayo. Usione haya ikiwa ni Kiswahili. Hapa kwetu wengi wanakiona lugha ya askari, lakini wasomaji wa kwanza wa Buganda, Maandiko yalipokuwa bado hayajachapishwa kwa Kiganda, walifundishwa kwa Maandiko ya Kiswahili. Ushuhuda wako usiutie chumvi. Kama hukuwa jambazi, usijifanye ulikuwa jambazi ili watu wapige makofi. Na tafuta watu watatu au wanne wa kuomba nao, wanaoweza kukuuliza swali kama la bibi.

Hili nalisema kwa uchungu: kama unameza dawa za kupunguza makali ya virusi, au za kisukari, endelea kumeza. Nimezika rafiki aliyeambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Anayekuamuru uziache, au anayetaka cheti cha kiwanja chako kiwe mbegu, mkimbie siku hiyo hiyo.

Ukavu utakuja. Mimi ulinijia mwezi wa tano, nikaomba kama naongea na ukuta. Nikaendelea kuomba na kupima sawasawa. Ukapita polepole, siku gani sikumbuki.

Na kama unadhani umekwenda mbali mno, mkumbuke Mwanga mwenyewe. Yule aliyeamuru wale vijana wauawe alikuja kubatizwa uhamishoni Shelisheli, akaitwa Danieli, na huko akafa mwaka 1903. Moyo wake anaujua Mungu. Mimi nikilisikia jina hilo Danieli, napata nguvu ya kumwombea mtu ambaye kila mtu amemkatia tamaa.

Katika wale akina mama, mmoja hajanisamehe. Alipokea maharagwe yote niliyomrudishia, akaniambia mbele ya watu kwamba mwizi akiokoka anakuwa mwizi anayeimba. Lakini bado ananunua kwangu. Anakuja na kopo lake mwenyewe kwenye mfuko, analitoa, ananitazama. Mimi namsogezea gunia, namwachia apime.