Raketi ya mtoto si sare ya shule

Juzi dada mmoja wa Tanga ameniandikia: "Kaka, mwanangu ana miaka 8, ameanza mchezo wa vinyoya (badminton) shuleni. Nimemchukulia raketi nzuri ya kikubwa ili akae nayo muda mrefu. Sasa kocha anasema mtoto anapiga kama anafukuza mbu. Nimekosea wapi?"

Umekosea hapo kwenye "ya kikubwa", dada yangu. Sare tunanunua kubwa makusudi, tunakunja pindo, mwakani tunalifumua. Raketi haina pindo la kukunja. Na wanaofanya hivi ni wengi mno, tena wengine ni akina baba waliowahi kucheza, wanaotoa raketi yao ya zamani kabatini na kumkabidhi mtoto kama urithi.

Fanya hivi. Mpe mtoto raketi hiyo, umrushie vinyoya 20, halafu usiangalie vinyoya vinakwenda wapi. Angalia mkono. Kufikia cha tano au cha sita utaona kiganja kinapanda mpini kidogo kidogo hadi vidole viguse shafti, ule uti mwembamba unaounganisha mpini na kichwa. Hapo mtoto anajipunguzia uzito mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Kisha kiwiko kitashuka, na pigo la juu ya kichwa litageuka kuwa la begani. Mwisho kiganja kitazunguka nyuma ya mpini, ashike kama anavyoshika kikaangio, uso wa raketi ukitazama wavu moja kwa moja. Kwa mshiko huo kinyoya kilicho mbele yake atakipiga, tena vizuri, na ndiyo maana wazazi hawashtuki. Ila pigo la mgongo wa mkono halipo tena, na kinyoya kilichomfika nyuma ya uwanja hatakirudisha nyuma kwa mwenzake, kwa sababu kifundo cha mkono kimefungwa na forearm yote, yaani mkono kuanzia kiwiko, haiwezi kuzunguka. Kocha atahangaika miezi kuufuta mshiko huo.

Tuanze na urefu. Sheria za mchezo zinaruhusu raketi isiyozidi milimita 680 kwa urefu na 230 kwa upana, na raketi nyingi za watu wazima ni milimita 675. Mtoto wa miaka 8 mwenye sentimita 125 akishika raketi hiyo anashika kitu kinachozidi nusu ya kimo chake. Jicho lake linajua mkono wake unaishia wapi, halijui kichwa cha raketi kiko wapi. Matokeo yake kinyoya kinagonga shafti, au anakipisha kabisa. Kwa hesabu ya jumla, mtoto wa miaka 5 au 6 anatosheka na raketi ya sentimita 53 hivi. Wa 7 au 8, sentimita 58. Wa 9 au 10, kati ya 63 na 65. Akishafika kimo cha sentimita 140 na ushee, mpe ya urefu kamili, hata kama umri bado. Kimo kinasema kweli kuliko cheti cha kuzaliwa.

Chini ya miaka 5 usihangaike na raketi. Mpulizie puto, alipige kwa kiganja lisianguke chini.

Uzito ndio unaochanganya watu, kwa sababu umeandikwa kwa mafumbo. Kwenye mpini au juu yake kidogo utaona 3U, 4U, 5U. Kwa hesabu ya kampuni ya Yonex, ambayo nyingine nyingi zinaifuata, 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni 80 hadi 84, 5U ni 75 hadi 79, na F ni 70 hadi 74. Namba ikipanda, uzito unashuka. Kijana wa miaka 11 hadi 13 anayeingia kwenye raketi ya urefu kamili, tafuta 5U. 4U kama ana mwili. 3U muachie kaka yake.

Hiyo ni raketi bila nyuzi. Nyuzi zinaongeza gramu 4 au 5, na gripu ya juu, ile tepu nyembamba inayozungushiwa mpini, inaongeza 5 hivi. Kwa hiyo 4U yenye nyuzi na gripu ya kiwandani ikisoma 88 kwenye mizani ya jikoni, usigombane na muuzaji. Ikisoma 98, maandishi yanadanganya, na hapo ujue hata jina la kampuni lililochorwa ubavuni lina mashaka. Beba mizani. Zile ndogo za kupimia unga wa keki zinaingia kwenye mkoba, na muuzaji mwenye bidhaa safi hachukii.

Zile raketi mbili za chuma zinazouzwa pamoja na vinyoya vitatu vya plastiki kwenye mfuko wa wavu ni za kuchezea uani Jumapili, na kwa kazi hiyo hazina ubaya. Lakini moja hupita gramu 100, na kichwa kimeungwa na shafti kwa kipande chenye umbo la T ambacho baada ya muda hulegea na kuanza kulia kila ukipiga. Usimwanzishie mafunzo kwa hiyo. Fremu ya alumini yenye shafti ya kaboni inatosha kabisa kwa mwanzo, na itavumilia kugongwa sakafuni kuliko kaboni tupu. Mtoto ataigonga sakafuni, hilo halina mjadala.

Kuna kipimo cha pili, cha mlingano wa kichwa na mpini. Ilaze raketi juu ya kidole hadi itulie, weka alama, kisha pima kutoka kitako cha mpini. Kwa raketi ya urefu kamili, ikitulia kati ya milimita 285 na 295, imelingana. Ikizidi 295, kichwa ni kizito. Kwa kijana chagua iliyolingana au yenye kichwa chepesi, na shafti inayopinda: shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya kichwa kwa mwingine, ivute kidogo kama upinde. Shafti laini inamsaidia mwenye mkono wa polepole, kwa sababu inajirudi yenyewe na kusukuma kinyoya. Ngumu inamtaka aje na kasi yake.

Hapa ndipo watoto wanapolilia raketi ya bingwa. Wamemwona Viktor Axelsen akichukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na tena Paris mwaka 2024, wanataka Astrox 100 ZZ aliyoitumia. Raketi hiyo ina kichwa kizito na shafti ngumu kupita kiasi, na mwenyewe ana mita 1.94. Mtoto hataipinda shafti ile hata akiruka. Atabaki na bega linalouma, na mzazi na deni.

Sasa mpini, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu inayotengenezeka kwa gharama ndogo kuliko zote. Chini ya gripu mna mti wenye pembe nane. Pembe hizo zina kazi: mtoto anatakiwa ajue kwa kugusa tu, bila kutazama, upande mwembamba uko wapi na upande mpana uko wapi. Ile V ya kidole gumba na cha shahada inakaa kwenye upande mwembamba kwa pigo la kawaida, na gumba linalala kwenye upande mpana kwa pigo la mgongo wa mkono. Mkizungushia gripu juu ya gripu, pembe zinapotea, mpini unakuwa duara kama mchi, na mtoto hana cha kumwongoza.

Unene wa mpini umeandikwa G4, G5, G6. Kwa Yonex, namba kubwa ni mpini mwembamba. Mwambie mtoto ashike kwa kulegeza, kama aliyekamata kifaranga. Kati ya ncha za vidole na tako la gumba ibaki nafasi ya kupita kidole kimoja, kidole chake yeye, si chako. Nafasi ikikosekana, usirudishe raketi dukani. Bandua gripu ya kiwandani. Mara nyingi chini kabisa, kwenye kitako, imekazwa kwa pini ndogo, itoe kwa bisibisi bapa taratibu. Kisha zungusha gripu nyembamba moja tu, juu ya mti wenyewe. Anza kitakoni kwa ile ncha iliyochongwa, ivute ikinyooka kiasi, kila mzunguko ulale juu ya mwenzake kwa milimita 2 au 3, malizia kwa tepu pale mpini unapoisha. Anayetumia mkono wa kushoto mzungushie kwa kuelekea upande wa pili, la sivyo kingo zitabanduka kila anapopiga.

Kwa wa pwani, gripu hiyo ibadilisheni mara kwa mara. Jasho la Tanga au Mombasa linaitelezesha haraka, na mpini ukiteleza mtoto anabana, na akibana tumerudi kwenye kikaangio.

Nyuzi. Raketi nyingi za bei ya chini huja na nyuzi za kiwandani zilizolegea. Kwa mtoto mdogo si tatizo. Akianza kucheza mara tatu kwa wiki, mpeleke fundi mwenye mashine na umwambie azikaze kwa ratili 18 hadi 20, basi. (Kwenye fremu imeandikwa lb, na utaona kiwango cha juu inachobeba.) Fundi atakushawishi uvute 26 "ili apate nguvu". Ni kinyume. Nyuzi zilizolegea ndizo zinazokirusha kinyoya. Zilizokazwa sana zinampa udhibiti mtu aliyekwisha kuwa na nguvu zake. Zaidi ya hapo, mkazo ukipanda, eneo la katikati linalopiga vizuri linapungua, na watoto hupiga pembeni. Uzi uliokazwa ukipigwa karibu na fremu hukatika, na unalipa tena. Chukua uzi mnene unaodumu, wa milimita 0.70 kama ule wa Yonex uitwao BG65. Ule mwembamba una sauti tamu, lakini sauti haileti pointi.

Uzi mmoja ukikatika, usiiache raketi hivyo hadi Jumamosi. Nyuzi zilizobaki zinaivuta fremu upande mmoja, na ya kaboni inaweza kupinda au kupasuka bila kuguswa na mtu. Chukua mkasi, kata zote siku hiyo hiyo, ukianzia katikati na kutoka nje kidogo kidogo, za wima na za mlalo kwa zamu.

Wakati mwingine raketi inalaumiwa kwa kosa la kinyoya. Vya nailoni vina ukanda wa rangi: kijani ni cha polepole, buluu ni cha kati, chekundu ni cha kasi. Kwenye joto na kwenye nyanda za juu hewa ni nyepesi, kinyoya kinakimbia zaidi. Mzazi wa Nairobi au Arusha anayelalamika kwamba kila pigo la mwanawe linatoka nje, ajaribu cha kijani kabla hajabadilisha raketi. Na nje kwenye upepo wa kusi hakuna raketi itakayowasaidia. Tafuteni ukumbi, au chezeni alfajiri.

Ukinunua raketi iliyokwisha kutumika, ambayo kwa mtoto anayekua naipendelea kuliko mpya, iangalie kwenye mwanga. Pitisha ukucha polepole kuzunguka kichwa, hasa pembe mbili za juu, pale panapogonga sakafu. Rangi iliyochubuka ni sura tu. Ukucha ukinasa kwenye mstari unaokatiza fremu, huo ni ufa, rudisha. Igonge kwa kifundo cha kidole: mlio mkavu ni salama, ikitetema kama redio mbovu kuna kitu kimeachia ndani. Shika mpini, zungusha kichwa kidogo kulia na kushoto. Kisisogee peke yake. Tazama pia vijiplastiki vinavyolinda nyuzi kwenye matundu. Vikipasuka, nyuzi zinakatwa na fremu yenyewe, ingawa fundi hubadilisha vichache kwa dakika chache.

Kwa hiyo, dada yangu, mtafutie huyo wa miaka 8 raketi ya sentimita 58, fremu ya alumini, nyuzi zilizo nazo zinatosha, gripu moja nyembamba. Ile ya kikubwa usiiuze kwa hasira. Ifunge kwenye mfuko wake, iweke chini ya kitanda, si juu ya kabati chini ya bati wala ndani ya gari, maana joto linaharibu nyuzi na gundi. Mtoto akifika sentimita 140, itoe, na kabla hajaigusa ipeleke ikabadilishwe nyuzi, kwa sababu nyuzi zilizokaa miaka miwili zimeshalegea hata kama hazijapigiwa kinyoya kimoja.