Umepita pauni 100,000 Uingereza? Pensheni inapunguza hesabu, ila cheki kwanza inakatwaje

Mkuu umeuliza kama mshahara na bonasi vikikufikisha pauni 108,000 ndo basi umeshapoteza ile nafuu ya kodi, au hela unayotia pensheni inakurudisha chini. Inakurudisha, mimi nafanya hivyo mwaka wa nne sasa, ila mwaka wa kwanza nilichemka vibaya.

Unajua kila mtu hapa ana pauni 12,570 ambazo hazikatwi kodi. Ukivuka 100,000, kila pauni 2 zinazozidi zinakula pauni 1 ya hizo, ukifika 125,140 zimekwisha zote. Kwa hiyo pale katikati unakatwa 40% na bado unakatwa 20% nyingine kwa kile ulichonyang'anywa, jumla 60%, weka na bima ya taifa 2%, yaani kwenye bonasi ya elfu moja unaondoka na 380 (hizi ni za England, Scotland wana viwango vyao).

Sasa hiyo laki wanayoangalia sio mshahara wa kwenye mkataba. HMRC (mamlaka ya kodi ya huku) wanajumlisha mshahara, bonasi, gari la kazini, riba ya benki, hata pango la nyumba yako ya Kimara kama wewe ni mkazi wa huku kikodi, ndo wanatoa pensheni. Riba ya ISA, ile akaunti ya akiba isiyokatwa kodi, haimo.

Nilipochemka mimi ni hapa. P60, ile karatasi ya mwisho wa mwaka inayoonyesha mshahara na kodi, ilisoma 101,900, nikakaa mezani na slip zangu kumi na mbili nikajumlisha pensheni ya kazini nikapata 5,100, nikaitoa, nikaona niko 96,800, nikalala usingizi mnono. Kumbe ya kwetu inakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, kwa hiyo hiyo 101,900 ilikuwa IMESHATOLEWA pensheni, nimeitoa mara mbili! Kodi ya 380 ikanifuata. Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu yoyote waulize watu wa mishahara kazini kwenu ya kwenu inakatwa kabla au baada ya kodi. Na kama mnapunguziwa mshahara wenyewe halafu mwajiri ndo anaweka pensheni, hiyo nayo ishaondoka kwenye P60, tena inakuokoa na bima ya taifa, ila kwa bonasi lazima mkubaliane kabla haijawa haki yako.

Ukilipa mwenyewe kutoka benki kwenye pensheni binafsi ni kinyume, hapo unatoa mwenyewe, na unatoa ile iliyojazwa juu sio uliyolipa. Chukua yako, 108,000 na riba 600, umezidi 8,600. Unalipa 6,880, wenye mfuko wanadai 1,720 serikalini wanaongezea, inakuwa 8,600, umerudi 100,000 kamili. Halafu unaijaza kwenye ritani (fomu ya kodi ya mwaka), unapata nafuu nyingine ya 1,720 kwa sababu uko daraja la 40%, na 1,720 tena kwa sababu zile 12,570 zako zimerudi zote. Mfukoni imekutoka 3,440, pensheni ina 8,600. Mi sijaona dili kama hiyo sehemu nyingine, japo hela ndo imefungwa, kuanzia 2028 huigusi mpaka miaka 57.

Kama una mtoto mdogo usiishie 100,000 kamili, acha nafasi kidogo, maana mzazi mmoja akizidi hata pauni moja yale masaa 30 ya chekechea mnakosa, haipungui taratibu kama kodi, inakatika tu.

Sadaka kwenye msikiti au kanisa lenye Gift Aid (mpango wa serikali kuongezea kodi kwenye sadaka) nayo inatolewa, 80 inahesabiwa 100. Michango ya harusi nyumbani hapana, nishauliza 😂

Kikomo cha pensheni ni 60,000 kwa mwaka pamoja na ya mwajiri, kwa wewe haikuhusu. Ila hela iwe imeshaingia kwenye mfuko kabla ya 5 Aprili kuisha, usichanganye na ile 31 Januari ya ritani, hiyo ni ya kutuma fomu mtandaoni na kulipa kodi unayodaiwa.