Kufuli la tovuti na nywila ya mama

SWALI: Nauza omena soko la Kibuye, Kisumu. Barua pepe na eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, nazifungulia saiba (duka la intaneti) ya Kondele, zote kwa nywila moja: jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa. Mhudumu anasema nikiona alama ya kufuli, tovuti ni salama. Ni kweli?

JIBU: Hapana, mama. Kufuli laonyesha tu kwamba unachoandika husafiri kwa siri. Matapeli nao hulipata, tena bure. Soma anwani yenyewe: ya eCitizen ni ecitizen.go.ke.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nywila hiyo. Jina la mtoto soko zima linalijua! Tena ikivuja tovuti moja, wezi huijaribu kwingine kote. Anza na barua pepe, leo hii, maana huko ndiko hutumwa viungo vya kubadilishia nywila za akaunti nyingine. Kwa nywila mpya, unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, hata ya Kidholuo. Kuyaandika daftarini na kulificha nyumbani si kosa, wasemeje watu.

Pale saiba, kivinjari kikiomba kuhifadhi nywila, kataa. Kisha utoke kwenye akaunti kabla hujainuka. Kufunga dirisha pekee mara nyingi hakukutoi.