Nendeni mwishoni mwa Septemba, na muanze na Rufiji

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Una gari na wiki moja ya likizo, na unataka kuona mbuga na bahari katika safari moja. Utapita wapi, na kwa nini?" Hapa Lindi swali hilo huzuka barazani kila likizo inapokaribia, kwa hiyo jibu langu lilikuwa tayari kabla hamjauliza.

Najua wengi watawaandikia Saadani, na hawakosei. Ndiyo hifadhi yetu inayogusa bahari yenyewe, unaweza kuona wanyama na mawimbi bila kuhama kambi. Lakini Saadani iko kaskazini ya Bagamoyo. Mtu wa Lindi au Mtwara akiitaka, lazima kwanza aimalize Dar es Salaam yote, na foleni ya Mbagala si mapumziko kwa mtu yeyote. Wengine watasema Mikumi kisha Zanzibar. Hiyo ni safari nzuri, ila gari lako litalala maegeshoni wewe ukiwa kwenye boti, na ninyi mliuliza habari ya gari. Mimi nabaki kwenye barabara moja tu, hii ya kusini itokayo Dar es Salaam hadi Mtwara, pamoja na hifadhi iliyo ubavuni mwake, Nyerere.

Nyerere ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, ilipomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous. Ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na hakuna hifadhi ya taifa nchini inayoizidi kwa ukubwa. Sehemu yake imo ndani ya mkoa wetu, na hapo ndipo watu wa kusini hujidanganya. Wakiitazama ramani wanaona mbuga iko mlangoni, wanadhani watapenya kutokea Liwale au Kilwa wawe wamefika. Mbuga ya kutalii kwa gari lako mwenyewe, yenye maziwa, kambi na boti, iko upande wa Mto Rufiji wa kaskazini, na lango lake ni Mtemere. Tena twiga hawapo kusini ya Rufiji. Mtoto wako akitaka kumwona twiga, huna budi kuvuka mto.

Sasa jibu lenyewe. Kabla ya njia, chagueni tarehe, kwa sababu mbuga na bahari havitaki majira yaleyale. Mbuga huanza kuwa nzuri Juni, nyasi zinapokauka, na huzidi kuwa nzuri kadiri madimbwi yanavyokauka na wanyama kulazimika kusogea mtoni. Bahari nayo mnajua ilivyo Julai na Agosti: kusi, upepo mkali utokao kusini, linavuma, mashua zinarushwa, na nahodha mwenye akili anakwambia subiri. Ukija Desemba utaikuta bahari shwari, lakini mvua imeshaanza, majani yamepanda na wanyama wametawanyika. Masika sitaki hata kuyataja. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara tulikaa siku kadhaa bila njia ya lami ya kwenda Dar es Salaam.

Dirisha linalobaki ni jembamba: kuanzia kama wiki ya mwisho ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Kusi limelegea, kaskazi, upepo utokao kaskazini, bado; tanga mbili, yaani utulivu kati ya pepo hizo mbili, imeingia. Mbugani ndiyo wakati wa ukame mkali. Hapo ndipo viwili hivi vinapokubaliana, na ndiyo sababu sishauri mtu aombe likizo Juni kwa kuwa tu shule zimefungwa. Mwenye watoto wa shule aone namna, hilo sina dawa yake.

Njia ni nyepesi kueleza. Toka Lindi alfajiri, panda hadi Nangurukuru bila kukunja kwenda Kilwa, pita Somanga, vuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, Ikwiriri, kisha Kibiti. Jaza tanki hapo Kibiti, halafu kunja kushoto kuelekea Mkongo na Mloka, kilomita kama mia moja za vumbi. Kabla ya daraja utapita Mohoro. Simamisha gari hata dakika kumi. Watoto wamekariri Vita vya Majimaji darasani kwa ajili ya mtihani, na hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjekitile mwaka 1905.

Kwa nini mbuga kwanza? Kwa sababu ndiyo inayochosha. Unaamka usiku, unarushwa garini mchana kutwa, na mbung'o wanakung'ata juu ya nguo (acheni nyumbani nguo nyeusi na za bluu iliyokoza, rangi hizo ndizo zinazowavuta). Ukianza na bahari, mwili unalegea na hautaki tena kuamka saa kumi za usiku. Ukimaliza na bahari, kila siku ya safari ni nyepesi kuliko iliyotangulia, na kwa sisi wa huku ndiyo njia ya kurudi nyumbani.

Mwenye gari dogo la mjini asiwe na aibu. Alilaze Mloka, watu wachangiane gari lililoinuka lenye dereva anayezijua njia za mbugani. Gharama ikigawanywa kwa watu watano au sita huwa inavumilika, na dereva wa hapo anajua mbwa mwitu wameonekana wapi asubuhi hiyo. Eneo hili la Nyerere na Selous ni miongoni mwa machache yaliyobaki Afrika yenye mbwa mwitu wengi, mnyama ambaye Serengeti unaweza kumaliza safari yako hujamwona. Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo msiingie asubuhi na kutoka jioni. Ingieni saa nane au saa tisa mchana, mlale kambini ndani, mtoke kesho yake mchana: mmepata jioni na asubuhi, saa ambazo wanyama wanatembea, kwa kibali kimoja. Mtanzania hulipa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Getini hawapokei noti, unapewa namba ya malipo, basi hakikisheni simu zina salio la kutosha kabla mtandao haujaanza kusumbua.

Boti ya mtoni msiiache. Kwenye Rufiji na maziwa yake, kama Nzerakera na Manze, ukame wa Oktoba huwabana viboko hadi wanagombana mbele ya macho yako, na mamba wamejipanga kingoni midomo wazi. Hapo hata yule babu aliyelala safari nzima kiti cha nyuma anaamka.

Kutoka Mloka rudini mpaka Kilwa Masoko, na hapo mtulie. Ningeambiwa nipunguze safari hii, ningekata siku ya Mtwara kabla ya kuigusa siku ya Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, na aliposifu alikuwa ameshaiona miji mingi. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa. Kwenye kisiwa cha Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya Masoko, Msikiti Mkuu ungali umesimama na kuba zake, na juu ya jabali upande wa pili kuna magofu ya kasri la Husuni Kubwa pamoja na birika lake la pembe nane. Vibali vinakatwa Masoko kabla ya kuvuka, na mwongozaji unamchukua hukohuko.

Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi wa mashua, unaweza kuvuka karibu wakati wowote. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ndiyo inayotaka hesabu. Iko mbali zaidi kusini, na mashua hushusha watu kwenye mikoko. Ukifika maji yamekupwa, utatembea kwenye tope hadi magotini na mama mkwe wako atakumbuka siku hiyo maisha yake yote. Kwa hiyo tazameni mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya kwetu hujaa kama saa kumi na kukupwa kama saa nne. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kama tarehe saba au ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na jioni ndipo yanapotoka. Anayetaka Songo Mnara aje maji mafu. Anayetaka kutembea mwambani na kina mama wanaochokoa pweza aje bamvua. Huwezi kupata vyote siku moja. Mkienda mwambani ulizeni kwanza, maana vipo vijiji vinavyofunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni hasamehewi kwa kutojua.

Baada ya Kilwa barabara inakuwa yenu. Lindi mtakula samaki na kulala, sitajisifia mji wangu zaidi ya hapo. Mkifika Mingoyo shikeni njia ya Mtwara, msimame Mikindani kwa saa moja kutazama nyumba za mawe na milango ya nakshi. Mwenye siku ya ziada aende Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mchanga wa njiani ni mwingi, lakini kina cha maji kiko karibu sana na ufukwe, na miezi hiyo nyangumi huwa bado wanapita.

Shemeji yangu wa Mtwara ana pingamizi moja, na hapo namkubalia. Oktoba minada ya korosho inapoanza, wanunuzi na madereva wa malori hujaza nyumba za wageni Mtwara, Masasi na Newala. Kwa hiyo wekeni nafasi mapema, au laleni Mikindani. Barabarani mpisheni mwenye lori. Na korosho za zawadi nunueni zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa. Mtu akikuitia pembeni gunia la korosho ghafi kwa bei ya kutupa, hiyo ndiyo kangomba, biashara ya magendo ya korosho, na mtaimalizia likizo yenu mkijieleza kwenye kizuizi cha polisi.

Msomaji wenu,
Lindi