Hela ya matumizi unatuma, mtoto huonyeshwi: anzia ustawi, sio kumbeba kwa bodaboda

Mkuu nimesoma swali lako lote. Mtoto ana miaka minne, mama yake hamkufunga ndoa karudi kwao Mpwapwa, kila mwezi unatuma matumizi kwa keshi kupitia mjomba wake stendi ila ukienda unaambiwa kalala, mara kaenda kwa shangazi, mara wazee wanasema ulipe kwanza faini ndo uitwe baba, na sasa umechoka unataka uende na bodaboda ukamchukue chekechea uje kukaa nae hapa Dodoma mjini. Hio ya bodaboda iache leo leo. Ukimbeba kinguvu kesho yake unatafutwa wewe na polisi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ina kifungu kabisa kinachokataza kumtoa mtoto kwa mtu anaekaa nae kihalali, yani unakua umempa mwenzako kesi mkononi.

Mi nilipita njia hio hio. Nilikua nachukua alizeti Kibaigwa nauzia wakamuaji wa hapa mjini na Singida, na mzazi mwenzangu tuliishi tu bila ndoa, tulivyoachana akabaki na binti yetu. Nikaenda ustawi wa jamii pale halmashauri. Watu wanadhani ustawi ni sehemu ya akina mama kushtakia wanaume, na siku ile kwenye benchi mwanaume alokuja bila kuitwa nilikua peke yangu, dada wa mapokezi ananiuliza barua yako ya wito iko wapi, namwambia sina wito dada, mi ndo mlalamikaji. Akacheka ila akaniandika. Mwenzangu akaitwa, tukakaa na afisa, tukasaini makubaliano nimuone mtoto wikiendi na likizo. Yakaenda vizuri muda kidogo, msimu wa mavuno ulivyoanza simu ikawa haipokelewi tena, ndo nikaenda mahakamani.

Sasa elewa hapa, afisa ustawi anasuluhisha, amri hatoi. Amri inatoka Mahakama ya Watoto, na usitafute jengo lenye hilo bango, kesi inasikilizwa hizi hizi mahakama zetu ila faragha, hamna watu wamejaa nyuma wanakusikiliza aibu zako. Unachoomba pale ndo wengi wanachanganya. Kutambulika kama baba ni ombi moja, kukaa na mtoto ni lingine, na haki ya kumtembelea na yeye kuja kwako ni lingine. Na mtoto wa miaka minne nikwambie ukweli, kupewa ukae nae ni mlima, sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vizuri awe na mama yake. Hio dhana inapingika, ila ulete sababu nzito kama kupigwa au kutelekezwa, sio "nina uwezo kumzidi". Kwa maelezo uliyotoa mama anamlea vizuri tu, basi wewe omba kumuona kwa ratiba, siku zitajwe, saa zitajwe, nani anampeleka na nani anamrudisha, sikukuu inakuaje. Amri ikisema tu "baba aruhusiwe kumuona mtoto" mtarudi kugombana.

Kabla hakimu hajaamua, ustawi anaandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii, na kesi yangu naamini ilibebwa na hio ripoti. Afisa ustawi alikuja Nkuhungu nilipopanga, akaangalia mtoto atalala wapi, choo kikoje, akauliza ukiwa mnadani au safarini nani anabaki nae, dada yangu akajibu mwenyewe kwamba ni yeye. Akaongea na majirani mi nikiwa sipo. Na kwa mama alienda pia, na binti aliulizwa anataka nini maana sheria inataka maoni yake yasikilizwe kama anayatoa bila kushikiwa akili. Kwaio usihangaike kukodi kochi za kuonyesha, andaa mtu wa kukaa na mtoto.

Kuhusu wazee na faini yao. Mila inayofanywa na baba kwa mtoto ni moja ya ushahidi wa uzazi kwenye hio sheria ya 2009, pamoja na jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, kumkubali mtoto hadharani, na DNA. Kama una uwezo na unataka amani na wakwe kalipe, na uende na mashahidi. Ila mtu asikudanganye kwamba bila faini sheria haikujui. DNA nayo mama hajakukana, ya nini? Ikifika huko, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa hapa Dodoma ila huendi tu na mtoto mkononi, inaombwa na mamlaka kama mahakama au ustawi na majibu yanarudi kwa alieomba.

Matumizi usikate, hata akikununia. Kumnyima mtoto chakula sababu mama yake anakuzingua, ripoti ya ustawi itaandika hivyo hivyo, na mtoto ana haki ya kutunzwa ukimuona usimuone. Ila acha kumpa keshi mjomba wake stendi, tuma kwa namba yake mama na uandike "matunzo", halafu uombe taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu. Kiwango nacho sio anachotaka yeye wala unachotaka wewe, mahakama inaangalia kipato cha wote wawili, mama nae anahesabiwa, watoto wengine unaowalea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mi wa alizeti hela yangu ni ya msimu, nilipeleka daftari la mzigo, miezi minono na miezi mikavu yote ipo, wakapanga kinacholipika.

Jumatatu nenda ustawi wa halmashauri huko Mpwapwa alipo mtoto, sio wa hapa mjini. Beba kopi ya cheti cha kuzaliwa, miamala, na risiti za ada ya chekechea kama unalipa wewe. Na huyo mjomba anaekutukana kwenye simu usimjibu, zihifadhi meseji zake.